Mtaa Mmoja wa Jeni: Étienne Pays na Lugha ya Seli katika Malale

Étienne Pays, mwanabiolojia wa molekuli wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1948, alitumia zaidi ya miaka thelathini kusoma kipande kimoja kifupi cha DNA. Kipande hicho si cha binadamu. Ni cha tripanosoma, kimelea kinacholeta malale, yaani ugonjwa wa usingizi, ambacho mbung'o hukibeba kutoka mtu hadi mtu kando ya mito ya Kongo. Ndani ya kipande hicho jeni zimepangana kama nyumba za mtaa mmoja. Pays na wenzake wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels walibisha hodi nyumba baada ya nyumba, na kila mlango uliofunguka ulionyesha jambo jingine: jinsi kimelea kinavyobadili sura, kinavyojilisha, kinavyowanyamazisha walinzi wa mwili, na kwa nini damu ya binadamu huviua vimelea vya aina fulani na kushindwa na vya aina nyingine.

Mto Lomami unapita Opala, unateremka kuelekea kaskazini katikati ya misitu, na kumwagika katika Mto Kongo pale Isangi, magharibi ya Kisangani. Mbung'o wa mtoni hupenda mahali hasa ambapo watu hawana budi kufika: kivulini kando ya maji, penye kuteka na kufulia, penye kuegesha pirogi, penye kuloweka mihogo. Malale ya Kongo ni ya aina ya gambiense, aina inayosababisha zaidi ya tisini kwa mia ya wagonjwa wote barani. Huenda polepole. Homa huja na kuondoka, kichwa huuma, tezi za nyuma ya shingo huvimba, na miezi au hata miaka hupita kabla kimelea hakijavuka kuingia ubongoni. Hapo mchana na usiku hubadilishana nafasi. Mgonjwa husinzia juani na kukesha gizani, tabia yake hugeuka hata ndugu zake wakashindwa kumtambua, na asipotibiwa hufa. Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Hiyo ilikuwa miaka ya vita, timu za upimaji hazikufika vijiji vingi, kwa hiyo walioandikwa walikuwa sehemu tu ya waliougua.

Mtu anaweza kuuliza ni vipi kiumbe cha seli moja tu, chenye urefu wa sehemu ishirini hivi za elfu moja za milimita, kinaweza kukaa katika damu kwa miaka. Vimelea vingi hujificha ndani ya seli za mwenyeji. Tripanosoma haendi kujificha. Anaogelea waziwazi ndani ya damu, mbele ya macho ya mfumo wa kinga. Kinga yake ni koti. Mwili wake wote umefunikwa kwa nakala karibu milioni kumi za protini ya aina moja, zilizobanana kama makuti ya paa. Mwili wa mgonjwa huitambua protini hiyo, hutengeneza antibodi dhidi yake, na vimelea hufa kwa wingi. Homa hushuka. Lakini wachache wamekwisha kuvaa koti jingine ambalo antibodi hazilijui, nao huzaana upya. Homa hupanda tena. Mchezo huu huendelea wimbi baada ya wimbi, na mwili huchoka kabla kimelea hakijamaliza nguo zake. George Cross, Mwingereza, alifanikiwa kuitenga protini ya koti mwaka 1975. Baada ya hapo swali likabaki moja: nguo hizo zimetunzwa wapi, na hubadilishwaje?

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 maabara kadhaa za Ulaya na Marekani zilikuwa zikishindania jibu, ya Piet Borst mjini Amsterdam ikiwa mbele miongoni mwazo. Pays alikuwa na bahati ya jirani mwema. Nestor Van Meirvenne, wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, alikuwa na hazina ya vimelea vilivyotenganishwa kimoja kimoja, kila ukoo na koti lake linalojulikana kwa jina na namba. Bila hazina ya namna hiyo mtu hawezi kujua kama jeni anayoiona ni ya koti la jana au la leo. Mwaka 1983 Pays na wenzake walichapisha katika jarida la Cell maelezo ya njia kuu ya mabadiliko hayo. Kimelea kina zaidi ya jeni elfu moja za makoti, nyingi zikiwa mbovu zisizofaa peke yake, na zote ziko kimya. Inayosomwa ni moja tu, ile iliyoketi mahali maalumu pembezoni kabisa mwa kromosomu. Kubadili koti ni kunakili jeni kutoka ghalani na kuiandika juu ya ile iliyokuwapo. Hata vipande vya jeni mbovu huweza kuunganishwa vikatoa koti jipya, kama fundi cherehani anayeshona shati zima kutokana na mabaki ya vitambaa.

Makoti hayo hayakubaki mambo ya maabara. Moja kati yake, liitwalo LiTat 1.3, huvaliwa na vimelea vya gambiense mara nyingi sana, kiasi kwamba karibu kila mgonjwa huwa na antibodi zake. Ndilo lililotumika kutengeneza kipimo cha kadi cha CATT, kilichotolewa Antwerp mwaka 1978 na Van Meirvenne pamoja na wenzake Magnus na Vervoort. Tone la damu huchanganywa kwenye kadi nyeupe na vimelea vilivyouawa na kutiwa rangi ya buluu. Vikigandamana, mtu huyo hupelekwa mbele kwa uchunguzi zaidi. Kwa kadi hiyo timu za upimaji za Kongo, zikisafiri kwa gari, kwa pikipiki na kwa pirogi, zimepima mamilioni ya watu vijijini.

Mahali pale pembezoni mwa kromosomu, ilipo jeni inayosomwa, palimvuta Pays kuliko koti lenyewe. Mwaka 1989 maabara yake ilionyesha kwamba koti haliko peke yake. Mbele yake zimejipanga jeni nyingine kadhaa, na zote husomwa pamoja nalo kwa mkupuo mmoja. Zikapewa namba tu, kwa kuwa hakuna aliyejua kazi yake. Ilikuwa rahisi kuziacha. Koti ndilo lililokuwa na sifa duniani, na majirani zake wasio na majina hawakumvutia mtu aliyetaka jibu la haraka. Uamuzi wa kuwasoma majirani hao mmoja mmoja ndio uliofanya kazi ya Pays iwe tofauti na ya wenzake wengi. Mwaka 1996 Ubelgiji ilimpa Tuzo ya Francqui, ya juu kabisa kwa wanasayansi wa nchi hiyo, na matunda makubwa zaidi yalikuwa bado hayajaiva.

Jirani namba nne ndiye aliyeuingiza utafiti huu katika elimu ya mawasiliano ya seli. Ili kumwelewa, lazima kwanza kueleza jinsi seli zinavyopashana habari. Seli imezungukwa na utando, na ujumbe mwingi unaotoka nje, homoni kwa mfano, hauwezi kuupenya. Ni kama mgeni anayefika uani na kupiga hodi: haingii ndani, bali hupokelewa mlangoni, na mtoto wa nyumba hutumwa chumbani kupeleka habari. Mlango ni protini iitwayo kipokezi. Mtoto anayetumwa ndani huitwa mjumbe wa pili. Earl Sutherland, Mmarekani, ndiye aliyemgundua mjumbe wa namna hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1950, alipokuwa akitafuta jinsi adrenalini inavyoliamuru ini limwage sukari katika damu. Mjumbe huyo ni molekuli ndogo yenye umbo la duara, ambayo maabara huiandika cAMP. Kimeng'enya kinachoitengeneza huitwa adenilati saiklasi. cAMP ikiongezeka ndani ya seli huamsha kimeng'enya kingine, protini kinasi A, nacho hubandika fosfati kwenye protini nyingine na hivyo kuwasha kazi hizi na kuzima zile. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Mwaka 1992 maabara ya Pays ilithibitisha kwamba jirani namba nne ni adenilati saiklasi. Imepigiliwa katika utando wa mjeledi, ule mkia ambao kimelea huutumia kuogelea, ikiwa na sehemu moja nje na sehemu ya kutengeneza cAMP ndani. Tena haikuwa peke yake. Katika kromosomu nyingine kulikuwa na jamaa zake wengi, dazeni kadhaa, ukoo mkubwa kuliko ule wa binadamu, ambaye ana aina kumi tu. Hapa palikuwa na fumbo la kweli. Tripanosoma hana zile protini za kati ambazo katika seli zetu huunganisha kipokezi na saiklasi. Kwake yeye saiklasi yenyewe inafanana na mlango na anayemtuma mjumbe vikiwa kitu kimoja. Kwa nini kiumbe kidogo hivyo kiwe na milango mingi kiasi hicho, na mmoja kati yake uwekwe katika mtaa uleule wa koti, ili usomwe kila kimelea kinapokuwa ndani ya damu?

Jibu lilichukua miaka ishirini. Lilichapishwa katika jarida la Science mwaka 2012 na kundi lililoongozwa na Didier Salmon pamoja na Pays, na ni miongoni mwa matokeo ya kushangaza kabisa katika biolojia ya vimelea. Watafiti waliharibu kazi ya saiklasi hiyo katika vimelea, kisha wakaviingiza katika panya. Vimelea hivyo havikuumwa wala havikukosa nguvu. Vilizaana vizuri katika chupa. Lakini ndani ya panya, wimbi la kwanza la maambukizi lilikuwa dogo kuliko kawaida, kwa maana mwili wa panya ulivimudu vizuri zaidi.

Sababu ilipatikana katika ini. Walinzi wa kwanza wa mwili ni seli zinazomeza wavamizi, na katika ini ziko kwa wingi. Zikimeza tripanosoma hutoa TNF, protini ya kuita msaada, ambayo huamsha kinga na yenyewe huvizuia vimelea kuongezeka. Kimelea cha kawaida kinapomezwa na utando wake kuanza kubanwa na kuungua, saiklasi zake huwaka kwa nguvu zote. Kinakufa, lakini kikifa humwaga cAMP nyingi ndani ya seli iliyokimeza. Seli ya panya haina njia ya kujua kwamba cAMP hiyo si yake. Kinasi A yake huamka, na amri ya kutengeneza TNF huzimwa. Mlinzi amemshinda adui mmoja, lakini adui huyo amekufa huku akimziba mdomo asiite wenzake.

Katika maelezo ya kisayansi vimelea hivyo vilifananishwa na wanaojitoa mhanga. Neno hilo lina ukweli, mradi lisichukuliwe kwamba kimelea kina nia. Vimelea vilivyomo katika damu ya mgonjwa mmoja mara nyingi ni uzao wa mmoja, nakala za jeni zilezile. Kinachokufa kikiwaachia nafasi wenzake, jeni zake zinaendelea kuishi ndani yao. Ni hesabu tu ya uzazi, na mateso inayomletea mgonjwa hayapungui kwa kuipa jina zuri.

Vimelea pia husemezana vyenyewe kwa vyenyewe. Vikizidi idadi katika damu, baadhi huacha kugawanyika na kuwa vifupi na vinene, tayari kunyonywa na mbung'o. Vinahesabianaje? Mwaka 1997 kundi la Michael Boshart nchini Ujerumani lilionyesha kwamba habari ya msongamano inahusiana na njia ya cAMP. Mwaka 2019 kundi la Keith Matthews mjini Edinburgh lilieleza sehemu muhimu ya lugha hiyo: vimelea hutoa vimeng'enya vinavyokata protini kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo, vinapoongezeka, ndivyo vinavyoviambia vingine kwamba mahali pamejaa. Hii haikuwa kazi ya Brussels, lakini inafungana nayo.

Majirani namba sita na saba walitoa hadithi fupi zaidi. Mwaka 1994 ilibainika kwamba wawili hao hushikana na kuwa mdomo mmoja unaopokea transferini, protini ya damu inayobeba madini ya chuma. Kimelea hunyang'anya chuma cha mwenyeji kwa mdomo huo.

Jirani mwingine aliyefuata alibadili elimu ya binadamu mwenyewe. Tangu mwaka 1902 Alphonse Laveran, Mfaransa aliyegundua kimelea cha malaria, alikuwa ameona kwamba maji ya damu ya binadamu huviua vimelea vya nagana, ndugu wa karibu sana wa vile vya malale, ambavyo huua ng'ombe na farasi. Ndiyo maana mchungaji anaumwa na mbung'o waleule wanaomwangamizia mifugo, naye hapati kitu. Lakini aina mbili zimepenya kinga hiyo: gambiense ya Afrika ya magharibi na kati, na rhodesiense ya Afrika ya mashariki. Uganda ndiyo nchi pekee yenye zote mbili. Katika mtaa wa jeni wa rhodesiense kulikuwa na jeni ya ziada, SRA, ambayo ndugu zake wa mifugo hawana. Mwaka 1998 maabara ya Pays iliichukua jeni hiyo moja na kuipandikiza katika kimelea cha ng'ombe. Kikaanza kuishi katika damu ya binadamu bila shida yoyote.

Basi SRA ilikuwa kinga dhidi ya sumu fulani iliyomo katika damu, na sumu hiyo ndiyo iliyotakiwa kukamatwa. Watafiti wakaitumia SRA kama ndoano. Waliifunga katika mrija, wakapitisha maji ya damu ya binadamu, wakatazama nini kimenasa. Kilichonasa ni protini iitwayo APOL1, isiyo na sifa yoyote hadi siku hiyo, isafiriyo katika damu pamoja na chembe za mafuta. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2003. Miaka miwili baadaye ilionyeshwa jinsi inavyoua: huingia katika tumbo la kimelea, lile pochi la asidi liitwalo lisosomu, na kutoboa matundu katika utando wake hadi kimelea kikavimba na kupasuka. SRA huikumbatia APOL1 kabla haijatoboa.

Haikuwa safari ya mtu mmoja, wala haikukosa mabishano. Stephen Hajduk na wenzake nchini Marekani walikuwa wamedai tangu mwaka 1995 kwamba muuaji ni protini nyingine ya chembe zilezile za mafuta, iliyo ndugu wa haptoglobini, protini ya damu inayobeba hemoglobini. Ubishi huo ulidumu miaka mingi na ulikuwa na faida, kwani ulilazimisha kila upande kuleta ushahidi bora. Mwaka 2008 Benoit Vanhollebeke wa maabara ya Pays alionyesha mahali pande mbili zinapokutana. Kimelea kina kipokezi cha kuvutia haptoglobini iliyobeba hemoglobini, kwa kuwa kinaihitaji kwa chakula. Ile protini ya Hajduk hufanana na chakula hicho, kimelea huimeza kwa tamaa, na APOL1 huingia nayo. Mmoja hufungua mlango, mwingine huua.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka mbali na Afrika. Mkulima mmoja wa jimbo la Maharashtra nchini India alikutwa na tripanosoma wa wanyama katika damu yake, aina isiyotegemewa kabisa kumgusa binadamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba nakala zake zote mbili za jeni ya APOL1 zilikuwa zimevunjika. Maji ya damu yake hayakuua vimelea. Yalipoongezewa APOL1 ndani ya chupa, yakaua. Kilichokuwa kikisemwa kwa panya na kwa chupa kikawa kimesemwa na mwili wa mtu.

Gambiense, kimelea cha Lomami na cha Kongo kwa jumla, hana SRA, naye alichukua muda mrefu zaidi kufahamika. Mwaka 2013 Pays na wenzake walieleza katika Nature kwamba yeye ana jeni yake, TgsGP, ambayo huukaza utando wa lisosomu hata APOL1 isipate pa kutobolea. Zaidi ya hapo, kile kipokezi cha mlangoni kimebadilika kidogo, kikawa hakipokei chambo vizuri. Gambiense ana kufuli zaidi ya moja, na hapo panaeleweka kwa nini ameweza kukaa na binadamu kwa muda mrefu kuliko ndugu yake wa mashariki.

Halafu habari ikageuka. Mwaka 2010 Martin Pollak na wenzake wa Boston, wakishirikiana na maabara ya Pays, walichapisha katika Science jambo lililowagusa watu wenye asili ya Afrika popote walipo. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani walikuwa wakiona figo za Wamarekani weusi zikiharibika kwa kasi kuliko za wengine, na wengi walilaumu shinikizo la damu peke yake. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa katika APOL1. Kuna sura mbili zilizobadilika za jeni hiyo, ziitwazo G1 na G2, ambazo zimeenea kwa sababu SRA haiwezi kuzishika vizuri: mwenye sura hizo ana damu inayoua hata rhodesiense. Aliyerithi nakala moja amepata ngao. Aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, yumo hatarini kupata ugonjwa wa figo. Takriban Mmarekani mweusi mmoja kati ya wanane ana nakala mbili. Ni kisa kilekile cha selimundu na malaria, ngao ya mababu inayowadai wajukuu.

Hata ngao yenyewe haikingi sawa kila mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha wagonjwa wa Uganda na wa Guinea. Uganda, penye rhodesiense, G2 ilikinga. Guinea, penye gambiense, G1 ilionekana zaidi kwa watu waliobeba kimelea bila kuugua, ilhali G2 ilikwenda pamoja na ugonjwa. Anayedhani jeni ni nzuri au mbaya kwa asili yake aangalie matokeo hayo.

Swali la figo lilimrudisha Pays, akiwa mzee, katika mawasiliano ya seli alikoanzia na jirani namba nne. Protini iliyo katika damu haikuonekana kuwa ndiyo inayoharibu figo. Kulikuwa na APOL1 nyingine ndani ya seli za figo zenyewe. Mwaka 2020 kundi lake lilipendekeza kwamba sura za G1 na G2 humsumbua ndugu yake, APOL3, ambaye husaidia kudhibiti mafuta fulani ya utando yanayotumika kama ishara ndani ya seli. Ishara hizo zikivurugika, misuli midogo ya seli hulegea, na seli zinazochuja mkojo hupoteza umbo lake. Watafiti wengine wanashikilia kwamba madhara hutoka moja kwa moja kwenye matundu ambayo APOL1 hutoboa. Mwaka 2023 jaribio dogo la dawa inayoizuia APOL1 lilionyesha protini ikipungua katika mkojo wa wagonjwa. Hoja hii haijafungwa, na Kinshasa na Kisangani, penye watu wengi wenye figo mbovu na mashine chache za kusafishia damu, zinahusika nayo kuliko Boston.

Lazima isemwe waziwazi kwamba dawa za malale zinazotumika leo hazikutoka katika mtaa ule wa jeni. Kwa miongo mingi wagonjwa waliofikiwa na ugonjwa ubongoni walichomwa melarsoprol, dawa yenye arseniki, ambayo iliua takriban watano katika kila mia moja ya waliopewa. Mwaka 2009 ulikuja mchanganyiko wa nifurtimox na eflornithine, salama zaidi, lakini wenye kuhitaji dripu na hospitali. Kisha ikaja fexinidazole, vidonge vya siku kumi. Jaribio lake kuu, lililoongozwa na daktari wa Kongo Victor Kande, lilihusisha wagonjwa 394, na hospitali ya Isangi, pale Lomami inapoishia, ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Mwisho wa mwaka 2018 Kongo iliiruhusu. Dawa nyingine, acoziborole, humezwa mara moja tu; matokeo ya jaribio lake kwa wagonjwa 208 wa Kongo na Guinea yalitoka mwaka 2022, na takriban tisini na tano kwa mia walipona.

Mwaka 2018 dunia nzima iliandikisha wagonjwa wa malale chini ya 1,000, na wengi wao walikuwa Wakongo. Ugonjwa umepungua sana, haujakwisha, na kimelea kinachoweza kukaa kimya ndani ya mtu kwa miaka hakimalizwi kwa kusahauliwa. Dawa zake hutolewa bure. Mtu wa kando ya Lomami mwenye homa isiyokwisha, tezi za shingo zilizovimba, au usingizi wa mchana asioweza kuuzuia, asingoje. Aende kituo cha afya, na akifika aombe kupimwa malale.